Niliziba Pumzi ya Mwanangu

Walisema linacheza.

Nililisikia neno hilo Jumatatu asubuhi kwenye foleni ya maziwa. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa akimwambia mwenzake:

"Lile kabati la vioo pale maktaba, usimpitishe mtoto karibu. Linacheza kama jino bovu."

"Acha wee!"

"Haki ya Mungu tena. Na linaguna. Mimi mwenyewe nimelisikia."

Nilichukua maziwa yangu nikaondoka bila hata kufunika chombo. Nilipofika nyumbani, nusu yalikuwa yamenimwagikia kwenye sketi.

Hilo wanaloliita kabati ni kazi ya mwanangu.

Kwa ambaye hakuwa nami wiki iliyopita, nitasema kwa ufupi, maana mwenyewe sipendi kurudia. Nina mtoto mmoja, wa kike. Marehemu baba yake alikuwa fundi madirisha. Mtoto tulimsomesha, akapata ukarani, kisha siku moja akaacha kiti na meza yake akaenda kuchonga magogo na kukata vioo. Anatengeneza sanamu za kusimamishwa nje, ambazo hazifanani na mtu wala mnyama. Miaka miwili nzima nilikuwa nawaambia watu kwamba bado ni karani. Niliishia pale alipoingia saluni, akanikuta kichwa kimesukwa nusu, nikieleza jinsi bosi wake anavyomsifu.

Hakuniumbua. Alisema tu, "Mama, ukimaliza kusukwa tutaongea." Akatoka.

Hatukuongea siku tatu. Siku ya nne akanipa kadi ya mwaliko, ngumu, nyeupe, ya uzinduzi wa kazi yake Jumamosi kwenye bustani ya maktaba. Nyuma aliandika kwa mkono wake: *Mama, kiti cha mbele.*

Nililia jikoni. Kadi nikaitia kwenye mkoba, nikawa natembea nayo kila mahali kama kitambulisho.

Basi mjue nilikuwa na kitu cha kupoteza. Nilikuwa nimesamehewa wiki hiyo hiyo.

Jumanne jirani alikuja kuazima sindano. Hata hakukaa.

"Umesikia? Limemkata mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa yule mama."

"Mama yupi?"

"Yule, bwana. Wa kule."

"Limemkata wapi?"

"Mkononi. Nyuzi tisa."

Saa nane mchana fundi viatu aliniambia ni nyuzi kumi na tisa, na mkono ulikuwa umeshageuka mguu.

Nilijua wanatia chumvi. Darasa la saba nilimaliza, mimi si mjinga kiasi hicho. Lakini maneno yale yalinikwama kama mwiba wa samaki. Nikimeza mate, upo. Nikinywa maji, upo.

Jioni ile jua likiwa bado juu, nilikwenda maktaba.

Walikuwa wamezungushia mabati. Mlinzi ananijua, huniita mama fundi.

"Nimekuja kuona tu," nikamwambia.

"Ona, mama. Ila limefunikwa mpaka Jumamosi."

Kweli lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe kirefu mpaka chini. Nikainua pindo, nikaingia ndani yake.

Magogo saba ya mkaratusi yalikuwa yamesimama wima, mengine marefu kuliko mlango, mengine yananifika begani. Kila gogo limepasuliwa katikati kwa msumeno, na ndani ya mpasuko kimesimama kioo kizito. Kimoja rangi ya chai. Kingine rangi ya asali. Kingine kijani cha chupa. Mwanga ulipita kwenye kitambaa, ukapita kwenye vioo, ukaniangukia mikononi kwa rangi.

Lilikuwa zuri. Naandika leo kwa sababu siku ile sikumwambia mtu.

Nikasukuma kioo cha asali kwa kidole.

Ngrr.

Kikacheza.

Mume wangu alikuwa akimaliza dirisha anakigonga kioo kwa kucha. Kikilia hivyo, ngrr, anakitoa na kukipanga upya, hata kama mwenye nyumba ameshasema asante na kufunga geti. Miaka ishirini na miwili mimi ndiye niliyekuwa namkandia puti, ile ya unga wa chokaa na mafuta, laini kama unga wa mkate. Yeye anakata kioo, mimi naziba ukingoni kwa kidole gumba, kitu tii, hata upepo haupiti. Kioo kilichocheza kilikuwa aibu ya nyumba yetu.

Na sasa hiki. Kati ya kioo na mti kulikuwa na uwazi pande zote. Nikatoa kadi yangu ya mwaliko kwenye mkoba, nikaijaribisha. Ikaingia. Ikateleza kutoka juu mpaka chini bila kugusa popote.

"Bwana Ehe huyu!" nikasema peke yangu.

Bwana Ehe ni seremala. Ndiye mwenzake mwanangu kwenye karakana, ndiye aliyepasua magogo yale, na ndiye anayetaka kumwoa. Jina hilo nilimpa mimi. Ukimsalimu, ehe. Ukimuuliza wazazi wake wazima, ehe. Ukimwambia mvua imeezua nyumba, ehe. Nilikuwa nasema, mwanangu ataolewa na mtu au na kichwa cha nyundo?

Nikaamini yeye ndiye amelipua kazi. Amepasua mapana kuliko kioo, akanyamaza, kama kawaida yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea.

Ningeweza kumuuliza mwanangu. Alikuwa nyumbani jioni ile, anakunja nguo. Ningesema, "Mwanangu, mbona vioo vinacheza?" Maneno manne tu.

Lakini nilimkumbuka alivyotoka saluni bila kugeuka nyuma. Nikasema, nikianza tena kuikosoa kazi yake, kadi ataichukua. Halafu kuna jambo jingine, dogo, la kijinga. Sanamu lile alilipa jina, Pumzi. Nilipomuuliza zamani kwa nini Pumzi, alicheka akaniambia, "Utasikia mwenyewe siku hiyo." Sikuelewa. Sikuuliza tena. Mimi mtu wa darasa la saba naona haya kuuliza mara mbili.

Nikaamua nitamfichia aibu yake. Nitaitengeneza kimyakimya, hatajua mtu.

Jumatano nilikanda puti, ya kwanza tangu mume wangu afe. Nikaichanganya na unga wa mbao ili ifanane na gogo, kama yeye alivyokuwa akifanya kwenye nyumba za wenye nacho. Mikono haikuwa imesahau.

Saa sita mchana nilikuwa chini ya kitambaa. Pembeni kulikuwa na ndoo ya kabari, vile vipande vyembamba vya mbao ambavyo Bwana Ehe alivikata kwa ajili ya kushikizia vioo wakati wa kusimamisha. Nikaona, si hizi hapa? Kumbe alikuwa nazo, uvivu tu. Nikawa nachomeka kabari, nagonga kwa kiatu, nafunika na puti, nasugua kwa gumba. Gogo la kwanza. La pili. La tatu.

Vumbi la mbao likanipata, nikakohoa.

"Nani huko ndani?" Mlinzi.

"Mimi!"

"Wewe nani?"

"Mama fundi!"

"Unafanya nini?"

"Napangusa vumbi!"

"Haya, pangusa. Ila usikohoe, mama. Watu wa barabarani watadhani kitambaa kina kifua."

Nilicheka. Nawaambieni ukweli, nilicheka, nikaendelea. Chini ya kila gogo nilikuta matobo mawili, kila moja saizi ya kidole. Nikadhani mchwa wameshaanza. Nikayaziba nayo.

Nilipomaliza nilisukuma kioo cha asali. Kimya. Kimekaa kama ukuta. Nikamwambia marehemu, kwa sauti kabisa, "Umeona?"

Alhamisi ilinyesha. Ijumaa ikanyesha zaidi. Kitambaa kililoa kikagandamana na magogo. Mwanangu alisimama kwenye dirisha la jikoni, dirisha alilotengeneza baba yake, anaitazama mvua huku anatafuna mkate.

"Huna wasiwasi?" nikamuuliza.

"Wasiwasi wa nini? Acha inyeshe, mama. Limejengwa kwa mvua."

Nikatabasamu moyoni. Nikasema, mwanangu, hujui tu nani aliyekuokoa.

Jumamosi jua likatoka kali. Viti vilipangwa, watu wakajaa, wengine wamekuja kwa sanaa, wengine wamekuja kuliona likianguka. Mimi kiti cha mbele, kadi mkononi. Nyuma yangu msusi wangu na wenzake watatu. Bwana Ehe alisimama kule pembeni, shati limepigwa pasi upande mmoja tu.

Mkuu wa maktaba alisema yake. Kitambaa kikavutwa.

"Aaah," watu wakasema. Jua lilikuwa limeingia kwenye vioo vyote saba, majani ya chini yakawa mekundu, kijani, manjano.

"Kumbe ndilo hili?" mtu mmoja akanong'ona. "Mimi nilidhani lina milango."

Mwanangu akashika kipaza sauti.

"Sitaeleza sana," akasema. "Linaitwa Pumzi. Mti hata ukikatwa hauachi kupumua. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Kioo hakivimbi wala hakisinyai. Ukivibana pamoja, kimoja kitamuumiza mwenzake. Kwa hiyo tumeacha nafasi kati yao. Ndogo tu, unene wa kadi. Na chini tumetoboa matobo ya maji kutokea. Vioo vinacheza, nimesikia mnasema, na mmesema kweli. Tumevitaka vicheze."

Watu wakacheka. Mimi nilihisi kiti kinanikimbia chini yangu.

"Na upepo ukipita kwenye nafasi ile," akaendelea, "linatoa sauti. Mama yangu aliniuliza kwa nini Pumzi, nikamwambia atasikia mwenyewe." Akanitazama. "Mama, sikiliza. Sote tunyamaze kidogo."

Watu wote wakanyamaza.

Upepo ukaja. Ukainua pindo la kilemba changu. Ukapeperusha karatasi mezani.

Sanamu likanyamaza.

Upepo ukaja tena, mkubwa zaidi. Kimya.

"Labda limelala," mtu akasema nyuma. Watu wakaguna kwa kicheko.

Mwanangu aligeuza sikio upande, kama mtu anayesikiliza mtoto mchanga chumba cha pili na hasikii kitu. Alimtazama Bwana Ehe. Bwana Ehe akaanza kutembea kuja mbele, upesi.

Hakufika.

Kwa!

Kama ukuni mkavu ukivunjwa gotini. Kioo cha asali kilipasuka kutoka chini mpaka juu. Hakikuanguka. Kilibaki kimesimama ndani ya gogo lake, na ufa umepita katikati kama mshono.

Watu hawakungoja kuona kama kitaanguka. Viti vilipinduka, mtu akapiga kelele, mtu akapoteza kiatu. Msusi akanishika mkono.

"Dada, ulisema kweli!"

"Mimi? Nilisema nini?"

"Si wewe uliyeniambia? Siku ile unasukwa, kabla binti hajaingia. Ukasema umepita pale maktaba, wanasimamisha kitu cha vioo, hujui cha nani, unaona kama kinacheza, kisije kikaua mtoto wa mtu. Ndio na mimi nikawaambia wateja wajihadhari."

Nilitaka kusema hapana. Kisha nikakumbuka. Nilikuwa nimeona magogo yanasimamishwa, nikaogopa, na kwa kuwa niliona haya kusema ni ya mwanangu, nikasema "kitu sijui cha nani". Nikaacha maneno yangu pale kwenye kiti cha saluni pamoja na nywele zilizokatwa.

Yakazunguka mtaa mzima wiki nzima, yakanirudia kwenye foleni ya maziwa, nikayapokea kama mgeni.

Mwanangu alikuwa amepiga magoti kwenye majani na gauni lake jipya. Alikuwa anachokoa ukingo wa kioo kwa ufunguo. Puti ikatoka, juu imefanya ngozi, ndani bado laini. Nyuma ya puti, kabari. Imevimba, imebana kama kizibo.

Akaichomoa kwa meno. Akasimama.

"Hii ni ya nani?"

Bwana Ehe aliitazama. "Yangu."

"Umeziba nafasi?"

Bwana Ehe aliinama kwenye gogo, akatazama puti kwa karibu. Nikaona akiweka gumba lake juu ya alama iliyokuwa pale. Gumba lake lilikuwa kubwa kuliko alama. Akalitoa. Akainua macho taratibu, yakapita watu wote waliobaki, yakafika kiti cha mbele.

Kwenye gumba langu la kulia nina kovu. Kioo kilinikata nikiwa na mimba ya huyu mtoto. Kila puti niliyowahi kuisugua ina mstari katikati.

"Nimekuuliza," mwanangu akasema. "Ni wewe?"

"Ehe," akasema. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa vitacheza."

"Uliogopa! Wewe? Miezi minane tumepima nafasi pamoja, leo unaogopa? Mbele ya watu wote hawa?" Sauti ilimkatika. "Nenda. Chukua vyombo vyako uende. Karakana usije tena."

Alichukua mfuko wake wa vyombo. Alipita mbele yangu karibu kabisa, angeweza kunikanyaga mguu. Hakunitazama tena.

Kinywa nilikuwa nacho. Ulimi ulikuwa mle ndani, mzima, hauna kidonda. Sikusema.

Mwanangu alikuja akakaa kwenye kiti cha pili, akaniegemea bega, akalia kama alivyolia siku tuliyomzika baba yake.

"Afadhali wewe, mama," akasema. "Wewe hata kama hulielewi, hukuligusa."

Nikampigapiga mgongoni. Kwa mkono ule ule.

Jumapili sikutoka. Jumatatu asubuhi nilimtafuta Bwana Ehe. Nilimkuta kwa fundi milango mmoja nyuma ya soko la mbao, ameshapata pa kufanyia kazi, anapiga randa.

"Hodi."

"Ehe."

Nilisimama. Yeye akaenda akaleta kigoda, akakipangusa kwa mkono, akaniwekea. Nikashindwa kukaa.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

Akapiga randa mara mbili, akaiweka chini.

"Ile alama, mama. Dirisha la jikoni kwenu lina alama kama ile, na mstari katikati. Nilipokuja kutengeneza rafu zenu, siku mbili, hukunipa kiti. Nikawa nasimama pale dirishani. Nilizitazama zote."

Ni maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Na yote yalinichoma.

"Ukanificha mimi?"

"Si wewe, mama. Ilikuwa siku yake. Kioo kilikuwa kimeshapasuka. Sikutaka apoteze na mama hapo hapo, mbele ya watu. Seremala anapatikana."

"Mwanangu," nikasema. Sijawahi kumwita hivyo. "Nifanye nini?"

"Mwambie mwenyewe. Asisikie kwa mtu."

"Atanichukia."

Nilingoja aseme hapana. Aliokota randa yake.

"Nimekuachia nafasi, mama. Ndogo tu. Usiizibe na hiyo."

Nilitoka pale nimejikaza. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: mwanangu, kaa chini, kuna jambo. Hapana. Mwanangu, nisamehe kwanza halafu nikwambie. Hapana. Mwanangu, ni mimi. Hayo. Nikayarudia mpaka getini. Mwanangu, ni mimi. Mwanangu, ni mimi.

Nikasukuma mlango wa jikoni.

Alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo. Mezani kulikuwa na gazeti limefunuliwa, na juu ya gazeti kipande cha puti cha rangi ya gogo, kirefu kama kidole. Amekikata kwa kisu, kwa uangalifu, kisivunjike.

"Nimetoka maktaba," akasema bila kugeuka. "Nilikwenda kutoa vioo vilivyobaki. Mlinzi ananiuliza, mama hajambo kifua?"

Maneno yangu yote ya njiani yalinitoroka.

"Nikamwambia mama hana kifua. Akasema, mbona Jumatano alikuwa anapangusa vumbi chini ya kitambaa, anakohoa?"

Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya puti ya dirisha la baba yake, taratibu, kutoka alama moja kwenda nyingine. Kila alama, mstari katikati. Nilimfundisha kuhesabu kwa alama zile, alipokuwa mdogo. Moja, mbili, tatu.

Akageuka. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Mama, nipe mkono."

"Mkono gani?"

"Unaujua."

Naishia hapo leo, maana nikiendelea sitaweza kupika. Lakini wewe mama mwenzangu mwenye wasiwasi kama wangu, kata kipande hiki ubandike jikoni. Epuka haya:

Usimwage hofu yako saluni. Itakurudia imevaa nguo za mtu mwingine na hutaitambua.

Ukiuliza "mtoto wa nani" ukajibiwa "wa yule mama", usiende popote. Kunywa maji, kaa.

Usiikane kazi ya mtoto wako, hata kwa msusi.

Usione haya kuuliza mara ya pili.

Usizibe tobo usilolijua kazi yake.

Usimtengenezee mtoto kitu kwa siri ukasema unamfichia aibu. Mara nyingi aibu yenyewe ni yako.

Usimnyime kiti mtu kwa sababu haongei.

Usikubali mtu uliyemkosea akulilie begani.

Na mtoto akikuomba mkono, usiufiche.

Mimi niliutia mfukoni.